Jina linakupeleka redioni, kwa debe ni story ingine

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama jina la mgombea linaweza kufanya atangazwe sana na apate kura zaidi. Mimi naishi Kaptembwo hapa Nakuru, kwetu ni Kakamega, na jibu langu ni ndio, lakini si kwa kila kiti, hapo ndio naona watu wanachanganya mambo.

Tuanze na midia maana hiyo ni rahisi. Presenta wa redio saa moja asubuhi anataka jina linalotamkika haraka na lenye utamu kidogo, ndio maana Sonko alikuwa Sonko, Gideon Mbuvi ilibaki ya makaratasi, na hata hayo makaratasi 2017 akigombea ugavana Nairobi hiyo Sonko iliingia kwa karatasi ya kura. Mbunge Babu Owino pia, alizaliwa Paul Ongili lakini hebu simama steji uulize watu wa boda Paul Ongili ni nani uone vile watakuangalia. Jina la hivyo ni tangazo la bure, mwenye jina la kawaida analipia hiyo nafasi kwa pesa yake.

Lakini kutangazwa si kura jamani. 2022 George Wajackoyah, aliyegombea urais, alikuwa kila mahali, Wajackoyah wa Tano, bangi, nyoka, fisi, hakuna siku ungefungua TV umkose, na mwisho wa siku alipata kura 61,969 nchi nzima, hata nusu ya asilimia moja haikufika. Na huyo ni mtu wetu wa Magharibi! Watu walicheka na yeye wakapiga picha na yeye, halafu wakaenda wakapigia wengine. Tena kuna Malik Obama, ndugu wa Barack, aligombea ugavana Siaya 2013 na hakuna jina lilijulikana duniani wakati huo kama hilo, waandishi wa ng'ambo walikuja wakamwandika, lakini kura elfu tatu hakufikisha. Watu wa Siaya walikuwa na mambo yao na chama chao.

Sasa jina linafanya kazi wapi? Wewe fikiria siku ya kura umeamka saa kumi usiku, umepiga foleni mpaka miguu imekufa ganzi, ukiingia ndani unapewa karatasi sita. Ya rais hiyo ulishaamua zamani hata kabla ya kampeni. Ya MCA, mwakilishi wa wadi, pia unajua, huyo anakaa ploti ya tatu kutoka kwako, unajua mpaka duka analodaiwa, jina halitamsaidia na halitamharibia. Gavana na mbunge angalau umewasikia wakitukanana. Lakini ya seneta? Ya mama kaunti, yaani mwakilishi wa wanawake bungeni? Hapo ndio watu wanakwama, nimesimama na watu nje ya kituo wananiambia wazi hiyo ya seneta nilichora tu. Karatasi ina picha na alama ya chama, kwa hivyo wengi wanafuata chama, six piece, yaani viti vyote sita kwa chama kimoja, imeisha, ila kama chama chako hakina mtu hapo ama wewe si mtu wa chama, macho yanatafuta jina uliloshawahi kusikia mahali. Kisumu 2022 mama kaunti alichaguliwa Ruth Odinga. Sisemi ni jina tu, mama alikuwa ameshakuwa naibu gavana na tiketi ya ODM, chama cha Raila Odinga, huko si mchezo, lakini mniambie mpigakura wa Kisumu aliyechoka akiona Odinga kwa karatasi anahitaji kusoma nini tena.

Angalieni hata Mudavadi. 1989 babake Moses alipofariki, Musalia alichukua kiti cha ubunge cha Sabatia bila kupingwa, kijana mdogo tu. Jina hilohilo 2013 kwa urais halikumfikisha nusu milioni ya kura. Sabatia jina lilikuwa deni la watu kwa mzee, ukitoka nje ya hapo hakuna anayekudai wala unayemdai. Na hata nyumbani linaisha nguvu, Gideon Moi, mtoto wa rais wa zamani, alikuwa seneta Baringo na 2022 wimbi la UDA, chama cha Ruto, likamwangusha, Moi ama si Moi.

Kitu kimoja sitaki kuficha ni kwamba huku kwetu mtu akisikia jina lako swali la kwanza si umefanya nini, ni wewe ni wa wapi. Nakuru tunajua hiyo ilifika wapi Januari 2008 kwa ghasia za baada ya uchaguzi, hapa Kaptembwo na Kwa Rhonda watu walifukuzana kwa sababu ya majina, kwa hivyo mtu asiniletee hadithi ati hatuangalii. Tunaangalia sana. Lakini ni hapahapa Nakuru Town West tumemchagua Samuel Arama, Mjaluo, 2013, 2017 na 2022, na 2017 na 2022 alikuwa na Jubilee, chama cha Uhuru Kenyatta, hebu mpigie hesabu hiyo kwa kabila mnipe jibu. Na Kisumu East wana Shakeel Shabbir, Mkenya wa asili ya Asia aliyewahi kuwa meya wao, 2017 aligombea bila chama na bado wakamrudisha bunge. Hao wawili majina yao kwa karatasi yangefaa kuwaangusha. Kilichowabeba ni kwamba watu walikuwa wanawajua wenyewe, na mtu ukishamjua hivyo jina linabaki la kumwitia tu.

Kwa hivyo nyinyi wa magazeti na redio, 2027 ndio hiyo inakuja na posta zimeanza kujaa kwa nguzo za stima, wagombea wa urais tumeshiba, hata mkinyamaza mwaka mzima tutawajua. Tuleteeni hao wa seneti na mama kaunti, wote, si wale wenye jina tamu peke yao, mtuambie walifanya kazi gani na walipigia kura miswada gani, maana hizo karatasi mbili ndizo tunachora gizani.