Binti katolewa kwaya, mwenzake bado anapiga kinanda

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Binti yangu wa miaka 20 ana mimba nje ya ndoa. Mchungaji alipomwita, alikiri na kutubu. Wazee wa usharika wamemsimamisha kwaya na Meza ya Bwana, na sasa wanataka aungame mbele ya ibada. Kijana mhusika anajulikana, ila bado anapiga kinanda. Binti hatoki nje, hata kliniki hajaanza. Nifanyeje?
Mama wa binti, Njombe

JIBU: Mama, pole. Anza na kliniki, wiki hii hii. Shirika la Afya Duniani linashauri hudhurio la kwanza lifanyike kabla ya wiki 12, na mahudhurio yote yasipungue 8. Upungufu wa damu na shinikizo la damu havingoji baraza la wazee likae. Akiona haya kukutana na majirani, mpeleke kituo cha kata nyingine.

Wazee wana haki ya kuonya. Mathayo 7:1 (“Msihukumu”) haiifuti Mathayo 18. Ila Mathayo 18:15–17 ina ngazi: kwanza faragha, kisha pamoja na mmoja au wawili, na kanisa huambiwa pale tu mtu anapokataa kusikia. Binti alisikia kwenye ngazi ya kwanza. Kumsimamisha mbele ya ibada ni kumpeleka ngazi ya wakaidi. Watakwambia dhambi yake iko wazi kwa sababu tumbo linaonekana. Tumbo linaonyesha mimba, halionyeshi ukaidi.

Kuhusu kijana: Walawi 20:10 iliwahesabia hatia mwanamume na mwanamke waliozini, wote wawili, lakini katika Yohana 8 aliletwa kwa Yesu mwanamke peke yake. Adhabu inayomwangukia mwenye tumbo tu inaadhibu mimba, si uasherati. (Msikubali pia ndoa ya haraka ya kufunika aibu.)

Mwandikie mchungaji barua fupi kabla baraza halijakaa. Omba uonyeshwe kifungu cha katiba ya kanisa kinachotumika, kijana aitwe kwa utaratibu huohuo, na binti apewe mlezi wa kiroho mwanamke. Kikao kiwe na mchungaji na wazee wawili, mmoja wao mama, simu zibaki nje: maungamo yakirekodiwa yatakuwa kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya jioni. Asijibu maswali ya wapi na mara ngapi. Hayo ni udaku, toba haiyahitaji.

Kosa tunaloliona zaidi ni adhabu isiyo na mwisho. Mtu anatengwa, mtoto anazaliwa, anatembea, na hakuna anayekumbuka kumrudisha mama yake kundini. Katika 2 Wakorintho 2:6–8 Paulo anasema adhabu iliyotolewa yatosha, wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni. Kwa hiyo uliza binti atarudi lini. Wakijibu “tutaona”, omba tarehe iandikwe kwenye muhtasari wa kikao.