Darubini ya sayari: hiyo “mara 525” isikutie wazimu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi simu, Ngamiani, Tanga. Nimedunduliza milioni moja na nusu ninunue darubini ya kupigia picha sayari, hasa Mshtarii, na Zohali na pete zake. Nimeona mbili. Ya kwanza ina kioo cha milimita 76, tangazo linasema inakuza mara 525, na stendi yake ina kile kipande cha chuma cha kusawazisha uzito. Ya pili ni fupi na nene kama chupa ya chai, aina ya Maksutov ya milimita 127. Stendi yake ina mota, lakini wameandika mara 60 tu. Mbona hiyo inayokuza kidogo ndiyo ghali?

JIBU: Marahaba, fundi. Chukua chupa ya chai.

Hiyo 525 wanaipata hivi: urefu wa fokasi (kutoka kioo hadi mahali mwanga unapokutana) milimita 700, gawa kwa lenzi ya jicho ya milimita 4, kisha chomeka lenzi ya kuzidishia mara tatu. Hesabu haina kosa, ila picha ndiyo haipo. Darubini hustahimili ukuzaji wa takriban mara mbili ya milimita za kioo chake, kwa hiyo hiyo ya 76 inakomea 150 hivi. Ukizidisha hapo unakuza ukungu. Mshtarii, hata ikiwa karibu nasi, ni kama kizibo cha soda unachokitazama kutoka mita 150. Weka kizibo kwenye goli moja la Mkwakwani, simama goli la pili, halafu rudi nyuma nusu uwanja tena. Kutenganisha mistari iliyomo ndani ya kizibo hicho ni kazi ya upana wa kioo, na 127 inaiacha 76 mbali.

Halafu stendi. Hapo ndipo pesa yangu ilipopotea. Stendi kama hiyo ya kwanza ina mhimili unaotakiwa uelekee ncha ya anga, yaani pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka, na kijitabu changu kilisema niulenge kwenye Nyota ya Kaskazini. Niko Morogoro! Huku nyota hiyo iko chini ya ardhi, na Tanga vilevile. Sisi wa kusini ya ikweta tunaulenga mhimili kusini, nao hapa Morogoro unainuka nyuzi saba tu, Tanga tano, karibu ulale kabisa. Skrubu ya stendi yangu iligoma kwenye 15. Nikaweka matofali mawili chini ya mguu mmoja. Nilipoizungusha darubini, kile chuma cha uzito kikagonga mguu, na usiku wa tatu mtambo mzima ukala mwereka kwenye zege. Kioo kilipona, stendi haikupona. Hiyo ya mota inayokwenda kushoto-kulia na juu-chini haina habari na ncha za anga. Kweli, ukiitumia, sayari hujigeuzageuza taratibu ndani ya picha, lakini kwa video ya dakika mbili huwezi kuliona hilo.

Nasema video kwa sababu sayari haipigwi picha moja. Hewa hutikisika, na sayari huonekana kama kokoto chini ya maji ya mto. Dakika mbili kwa fremu 60 kila sekunde zinakupa fremu 7,200. Programu ya bure ya AutoStakkert huchambua zile chache ambazo hewa ilikuwa imetulia, ikazipanga moja juu ya nyingine. Usirekodi muda mrefu zaidi, maana Mshtarii hujizungusha mara moja kwa muda usiofika saa 10, na madoa yake yataanza kufutika.

Anza na simu yako kwenye adapta. Mara ya kwanza utapata punje nyeupe ya haragwe, kama nilivyopata mimi. Punguza mwanga mpaka mistari miwili ya kahawia itokee. Baadaye ukinunua kamera ndogo ya sayari, wewe unazijua sensa: ikiwa pikseli ni mikroni 2.9, zidisha kwa tano, upate kama 14.5. Hiyo ndiyo namba f inayofaa, yaani urefu wa fokasi ukigawa kwa upana wa kioo. Darubini yako ni f/12, wamekaribiana. Usinunue lenzi ya kuzidishia.

Bahati yetu ni kwamba huku sayari hupita juu sana, ambako hewa ni nyembamba. Christopher Go wa Cebu, Ufilipino, naye jirani wa ikweta, ndiye aliyegundua mwaka 2006 kuwa doa dogo la Mshtarii limegeuka jekundu, kwa darubini ya nyumbani ya milimita 280. Ila sayari ikiwa utosini kabisa, mota ya kushoto-kulia huchanganyikiwa. Subiri nusu saa ishuke kidogo. Wala usilenge juu ya bati la jirani kabla ya saa tano usiku. Linakuwa bado linatema joto la mchana.

Pete za Zohali zilitugeuzia ubavu Machi 2025, zikawa kama uzi. Zinafunguka kidogo kidogo kila mwaka hadi 2032, kwa hiyo zisipokujaa machoni mwaka huu usiilaumu darubini.

SWALI: Mwalimu, darubini yangu imeota utandu kama buibui ndani ya lenzi. Nipo Mombasa, Likoni. Nipanguse na spiriti?

JIBU: Hiyo ni kuvu, na iko ndani, spiriti haitafika. Usiifungue mwenyewe, mtafute fundi wa kamera. Darubini ikirudi kutoka kwa fundi, ihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mkoba wake wa kitambaa uweke mbali, ndio unaotunza unyevu.