Ukihama chuo, uliza kwanza watakuweka mwaka wa ngapi

Wadogo zangu wanaotaka kuhamia chuo cha Lubumbashi kutoka Goma au Bukavu, hapa hapa Kongo, huniuliza kama watapokelewa. Watapokelewa. Chuo kinamtaka mwanafunzi anayelipa, na anayekuja na pointi nzuri hafukuzwi mlangoni. Cha kuuliza ni kingine: kozi ulizofaulu huko utokako, zipi zitahesabiwa huku, na utawekwa mwaka wa ngapi? Hapo ndipo utajua kama kuhama kutakula nauli peke yake, au nauli pamoja na mwaka mzima wa minervali, yaani ada ya chuo, kodi ya chumba na maneno ya wazazi.

Nilianza masomo ya uchumi Goma, nikayamalizia hapa. Tangu hapo kitanda chetu cha wageni hakijapoa: mtoto wa shangazi, rafiki wa mtoto wa shangazi, kijana ambaye mama yake alikuwa jirani yetu kule Katindo. Vita vilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, wakaongezeka. Wengi walifika na begi moja, makaratasi yamebaki nyuma. Hao nitawarudia. Kwanza niseme na wewe ambaye bado una muda wa kujipanga.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 wanaoanza chuo nchini wanaingia katika mfumo wa LMD, yaani lisansi, masta, doktora. Lisansi ni miaka mitatu na krediti 180, masta ni miaka miwili na krediti 120. Kila mwaka 60, kila semesta 30. Ukisikiliza maelezo ya mfumo huu unaweza kudhani krediti ni kama noti ya dola, kwamba uliyoipata Goma itanunua vilevile Lubumbashi. Sasa, dola yenyewe unajua inavyokaguliwa hapa mjini: ikichanika pembeni kidogo tu, inarudishwa mkononi mwako. Krediti nazo zinakaguliwa. Fakalte inaweka releve yako, yaani karatasi ya pointi zako, upande huu, programu yake upande ule, halafu inapitia kozi moja moja.

Na kozi zenye jina moja si lazima ziwe kozi moja. Inaweza kuwa na krediti sita kule na nne huku. Inaweza kufundishwa mwaka wa kwanza huku, wakati kule ingekuja mwaka wa pili, nawe ukahama katikati bila kuisoma popote. Mimi uhasibu haukunisumbua, kwa sababu Kongo imo tangu 2012 ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, na vyuo vinafundisha kanuni zilezile za hesabu. Statistiki ndiyo iliyonitoa jasho. Kule nilikotoka ilikuwa imegawanywa mara mbili na nilikuwa nimesoma nusu. Huku ilikuwa kozi moja nzima, na nusu haihesabiwi.

Kuna jambo jingine ambalo watu wachache hulifikiria kabla ya kuhama. Katika LMD kozi hufungwa pamoja ndani ya UE, yaani kifurushi cha kozi, na pointi za kozi moja zinaweza kuinua nyingine. Ukipata 8 kwa 20 kwenye hii na 13 kwenye ile, UE inaweza kukubaliwa na ukasonga mbele ukiwa umesahau kabisa ile 8. Lakini chuo kipya kimefunga kozi zake kwa namna yake. Kozi zako mbili zinaweza kujikuta kwenye UE tofauti, na ile 8, ikitazamwa peke yake, iko chini ya 10. Kwa hiyo kabla hujapeleka faili popote, chukua kalamu, zungushia duara kila pointi iliyo chini ya 10 kwenye releve yako, hata kama UE yake ilikubaliwa. Hizo ndizo utakazoulizwa. Ni heri uzijue wewe kabla yao.

Nani anaamua? Si yule anayepokea faili dirishani. Yeye kazi yake ni kuhesabu karatasi na kuangalia mihuri. Mimi dirishani niliambiwa nitaingia L3, mwaka wa tatu wa lisansi, bila shida, nikapiga simu nyumbani, watu wakafurahi. Fakalte iliposoma releve, ikaniweka L2 na kozi za L1 za kubeba. Hakuna aliyenidanganya; niliuliza mahali pasipojibu swali hilo. Anayejibu ni fakalte, na jibu la kutegemewa ni lile lililoandikwa, lenye sahihi na mhuri. Ukiweza kulipata kabla ya kulipa chochote kikubwa, lipate.

Kilichonisaidia baadaye ni maelezo ya kozi zangu za Goma, yaani ule mpango wa kozi ambao profesa hugawa siku ya kwanza na wengi wetu tunafungia karanga. Niliomba rafiki azipige picha zote, nikazichapisha, nikapeleka fakalte na barua fupi ya heshima. Faili ikasomwa upya, na baadhi ya zile kozi za L1 zikaondolewa. Jina la kozi kwenye releve halisemi ulisoma nini. Karatasi ile inasema. Kama bado uko chuo chako cha sasa, anza leo kuzikusanya, hata za kozi unayoichukia.

Hapa ninaweka jambo la pembeni, kwa sababu mji huu una historia nayo. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu ilivichukua vyuo vikuu vitatu vya nchi, Lovanium cha Kinshasa, kile cha Kisangani na hiki cha Lubumbashi kilichoundwa mwaka 1955, ikavifanya chuo kimoja, UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Fakalte zikagawanywa kwa miji: sayansi za jamii na fasihi zikaletwa Lubumbashi, saikolojia na ualimu zikaenda Kisangani. Mwanafunzi wa fasihi wa Kinshasa alijikuta anafunga sanduku kuja Katanga, apende asipende. Hali hiyo iliendelea hadi 1981, UNAZA ilipovunjwa na UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ikarudi kuwa chuo chenyewe. Wale angalau walihama na fakalte yao nzima, maprofesa na programu pamoja. Wewe unahama peke yako, na programu yako inabaki.

Faili sasa. Releve za kila mwaka uliosoma, zenye sahihi na mhuri, si picha ya simu. Cheti kinachothibitisha kwamba ulikuwa mwanafunzi. Diploma ya Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Karatasi za kuzaliwa, za mwenendo mwema na za afya, kila chuo na orodha yake. Peleka nakala zilizothibitishwa, orijino ziangaliwe mbele yako kisha zirudi kwenye begi lako. Kama wanasisitiza kubaki na orijino, dai karatasi ya kupokelewa yenye tarehe. Bordero zote za benki, yaani risiti ulizolipia minervali huko nyuma, ziweke pia, kwa sababu hakuna releve itakayotoka kama ofisi inakuona una deni, na ofisi kukuona una deni wakati ulishalipa ni jambo la kila siku. Bordero ndiyo mdomo wako.

Ukiwa na deni la kweli, lilipe kabla ya kuondoka. Nimewaona vijana wenye akili wakikaa Lubumbashi mwaka mzima bila kuandikishwa, kwa sababu ya salio dogo lililobaki chuo cha kwanza na hakuna mtu wa kwenda kulilipa.

Wakati mzuri wa kuhama ni mwaka ukishafungwa, baada ya sesio ya pili ya mitihani, pointi zote zikiwa zimetangazwa. Kuhama katikati ya mwaka ni kuingia huku umekosa semesta na kutoka kule bila semesta. Kila mwaka wizara ya elimu ya juu hutoa maagizo ya masomo yenye kalenda na masharti ya uandikishaji. Omba nakala kwa mtu wa ndani ya chuo uisome mwenyewe, usitegemee ya kusimuliwa. Hakikisha pia kwamba chuo unachokwenda kina kibali cha serikali, na kwamba tawi la masomo unalolitaka limo ndani ya kibali hicho. Chuo kinaweza kuwa halali, na tawi moja jipya likawa bado halijakubaliwa. Jengo lenye vigae vinavyong'aa halikuambii lolote kuhusu hilo.

Kama ulianza katika mfumo wa zamani, gradua miaka mitatu kisha lisansi miwili, ukaachia njiani, usipange chochote kwa simu. Pointi zako ni za asilimia, programu yako haipo tena. Nenda fakalte ana kwa ana.

Sasa neno ambalo wengine hawatapenda. Kama umebakiza mwaka mmoja kumaliza lisansi na hakuna kinachokufukuza, usihame. Maliza, chukua diploma yako, uje kwa masta. Anayekuja na lisansi nzima mkononi hapitishwi kozi kwa kozi kama anayekuja na nusu. Na kama unahama kwa sababu profesa mmoja anakuangusha, kumbuka pointi zake zinasafiri nawe kwenye releve. Sababu nzuri za kuhama zipo nyingi: vita, familia kuhamishwa kikazi, ugonjwa, tawi ambalo halipo mjini kwako. Anayetaka jiolojia akisogea karibu na migodi ya Katanga ninamwelewa. Anayetaka kuhama kwa kuwa marafiki zake wamehama, simwelewi, na mama yake hanielewi ninapomsaidia.

Ukishafika, mtu wa kwanza wa kumtafuta ni CP, mwanafunzi anayeongoza promosheni yako, yaani darasa lako la mwaka huo. Si mkuu wa fakalte. CP ndiye anayejua ratiba halisi, ambayo si ile iliyobandikwa ukutani, kozi gani imesogezwa, silabusi inauzwa wapi, na asistenti yupi anahesabu mahudhurio. Mwombe akuingize kwenye kundi la WhatsApp siku hiyohiyo. Wenzako wanajuana tangu L1, vikundi vya kazi za pamoja vimeshaundwa, na hakuna atakayekukataa wala atakayekufuata. Jitokeze. Mimi nilijitolea kuchapa kazi za kikundi kwenye kompyuta, kazi ambayo kila mtu anaikimbia, na baada ya muda mfupi nikawa ninatafutwa.

Watakucheka Kiswahili chako, hasa siku ya kwanza ukisimama kuuliza kitu. Cheka nao. Nawe utawacheka wakati wako ukifika.

Kuhusu makazi, kampasi ya Kasapa iko pembeni ya mji, na ukipata chumba mbali, Katuba au Ruashi, nauli ya taksibasi kwenda na kurudi inaweza kukaribia kodi yenyewe. Piga hesabu hizo mbili pamoja kabla ya kukubali bei. Komisyonere, yule dalali wa nyumba, atakutaka pesa ya kukuonyesha nyumba na pesa nyingine ukikubali, mwenye nyumba atataka garanti, pesa ya dhamana, ya miezi kadhaa. Usitoe garanti bila karatasi, hata kama mwenye nyumba ni mzee wa kanisa. Ukikaa kwa ndugu, elewaneni mapema kuhusu saa za kusoma usiku na nani anabeba maji. Mjomba hakuambii kwamba umemchosha, anaanza tu kuuliza mtihani unaisha lini. Na uje na sweta. Watu wa Goma hudhani hakuna baridi huku, Juni ikifika wanaazima majaketi.

Wazazi waambie ukweli wote mara moja. Kama fakalte imekurudisha mwaka, waeleze kwa releve mkononi, kozi ipi imekataliwa na kwa nini. Baba yangu hakuelewa neno UE hata nilipomwandikia, ila aliielewa orodha ya kozi zenye alama ya ndiyo na hapana.

Nirudi kwa waliokimbia bila makaratasi. Usiache kwenda chuo kwa kuwa huna faili. Nenda na ulichonacho: picha ya releve kwenye simu, kadi ya mwanafunzi, ujumbe wa benki, hata picha ya orodha ya pointi iliyobandikwa ukutani. Eleza hali yako kwa barua, omba uandikishwe kwa masharti na upewe muda wa kuleta zilizobaki. Baadhi ya vyuo hukubali, vingine hukataa. Kinachokataa kisikuzuie kugonga cha pili. Wakati huohuo tafuta mtu mmoja aliyebaki Goma au Bukavu, mwenye subira kuliko mwenye cheo, na umwandikie barua ya kumruhusu kuchukua hati zako, ikiwa na nakala ya kitambulisho chako na chake. Aombe releve orijino mbili za kila mwaka kama ofisi inaruhusu, maana siku ya kuandaa diploma yako utaulizwa tena, na hutataka kuanza upya safari hiyo. Pesa ya motari, yaani dereva wa pikipiki, na ya fotokopi mtumie mapema, kabla hajakuomba.