Jengo limelala na watu wako chini: majirani waanzie wapi

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo mawili. Tetemeko kubwa likishapiga na vikosi vya uokoaji bado viko njiani, majirani waanzie wapi? Na zile nguo na dawa ambazo watu wako wameanza kukusanya, zifikishwe vipi? Nitajibu kwa kirefu, maana si mara moja wala mbili mtu anatolewa kifusini akiwa hai, anaongea, kisha anafariki kwa sababu ya namna alivyotolewa. Nguvu na moyo vipo siku zote. Kinachokosekana ni utaratibu.

Usijidharau kwa kuwa huna sare. Kobe, Januari 17, 1995, wengi wa waliotolewa hai walitolewa na ndugu na majirani zao. Vikosi vya kimataifa vina mbwa, vifaa vya kusikilizia na misumeno ya zege, lakini vinakuja kwa ndege, na matumaini ya kumkuta mtu hai yanapungua sana baada ya siku ya kwanza. Saa za mwanzo ni zenu.

Kabla hamjagusa jiwe, fungeni gesi na zimeni umeme kwenye swichi kuu kama mnaifikia bila kuingia ndani. Mtu asiwashe kiberiti, sigara wala jenereta karibu na kifusi. Kisha mmoja wenu alizunguke jengo lote akitazama juu: ukuta uliobaki umesimama peke yake, tanki la maji lililoinama, kipande cha zege kinachoning'inia kwa nondo. Hivyo ndivyo vitakavyowaangukia ardhi ikitikisika tena, na itatikisika. Uturuki na Syria, Februari 6, 2023, tetemeko la ukubwa wa 7.8 lilipiga alfajiri, na baada ya kupita kama muda wa saa tisa likaja la 7.5. Nepal ilipigwa na la 7.8 Aprili 25, 2015, halafu Mei 12 likafuata la 7.3. Kwa hiyo chagueni njia ya kukimbilia mapema, na mtu mmoja asichimbe kabisa. Kazi yake ni macho na filimbi.

Tumieni ishara zile zile za vikosi vya kimataifa ili wakifika msichanganyane. Mipulizo mitatu mifupi inayorudiwa maana yake tokeni wote. Mpulizo mmoja mrefu wa sekunde tatu ni kazi isimame, kimya. Mrefu mmoja na mfupi mmoja, endeleeni.

Watu hawatafutwi kwa kuchimba ovyo. Anzeni kwa kuuliza waliotoka: nani yumo, ghorofa ya ngapi, chumba gani, saa ile alikuwa amelala au yuko jikoni? Chora nyumba juu ya kipande cha boksi na uweke alama. Kisha pigeni kimya cha kweli, injini zizimwe na simu zinyamaze. Mtu mmoja tu, si kumi, aite: "Kama unanisikia, gonga mara tano!" Wasikilizaji wanne wakae pande nne za kifusi, kila mmoja anyooshe mkono kule anakosikia sauti. Pale mikono inapokutana ndipo pa kuanzia. Rudieni baada ya kila tabaka mnaloondoa, kwa sababu mtu aliyekuwa amezimia saa mbili zilizopita anaweza kuwa amezinduka.

Zege likianguka huacha nafasi kwa namna zinazojulikana. Slabu iliyoegemea ukuta mmoja huacha pembetatu chini yake, kule ukutani. Iliyokatika katikati huacha nafasi mbili, moja kila upande. Sakafu zilizolaliana kama mikeka huacha nafasi ndogo sana, tafuteni karibu na ngazi, friji, kabati na meza nzito. Ingieni kwa ubavuni. Watu ishirini wakipanda juu ya kifusi, uzito wao wote unashuka kwa aliye chini. Pangeni mstari wa ndoo kutoka kwenye tundu hadi mahali palipokwisha kukaguliwa, na kifusi kimwagwe huko. Ondoeni vipande vidogo kwanza kwa mikono yenye glavu. Nondo au boriti iliyochomoza usiivute, hujui inashikilia nini.

Kuna mdau kashauri katapila liitwe mara moja. Hapana, ndugu yangu. Katapila lifike, lisimame mbali kidogo, lisafishe barabara. Lisiguse jengo ambalo bado kuna uwezekano wa mtu hai ndani, kwa sababu mtetemo wake na mvuto wa ndoo yake hufunga zile nafasi ndogo ambazo mtu anavutia pumzi.

Sasa tuje kwenye kuinua slabu, hapa ndipo watu wanapoumia vidole na mgongo. Mnahitaji jeki, kabari na mbao za mraba za sentimita 10 kwa 10, kila moja na urefu wa sentimita 60 hivi. Laza mbili sambamba, juu yake mbili zinazozikatiza, na kuendelea hivyo, ncha zikitokeza nje kama sentimita 10. Mnara huo usizidi kimo cha mara tatu ya upana wa kitako chake. Mbao laini, mfano msonobari, ni bora kuliko ngumu: zikielemewa hubonyea na kulia kabla ya kuvunjika, kwa hiyo unapata onyo. Mbao ngumu hupasuka ghafla. Weka jeki juu ya ubao mpana isizame, inua sentimita mbili, sukuma kabari zijaze sentimita hizo mbili, ndipo uinue tena. Mkono wa mtu usiingie chini ya kitu kilichoshikwa na jeki peke yake. Na kabla ya kuanza jiulize: nikiinua upande huu, upande wa pili unashuka wapi? Kama unashuka kifuani mwa mtu, hamisha jeki. Nafasi ikitosha kumpitisha, acheni kuinua.

Simama kidogo hapa, maana hapa ndipo tunawapoteza watu tuliokwisha kuwapata. Tuseme mmemfikia mtu, boriti imelala juu ya paja lake tangu asubuhi. Anaongea, anaomba maji, anawataja wanawe. Nyama ya paja iliyobanwa zaidi ya saa moja inaanza kufa, na ndani yake hujikusanya potasiamu, yaani madini yanayotoka kwenye nyama inayokufa, na rangi nyekundu ya msuli. Boriti ndiyo imezuia. Mkiiondoa ghafla, damu inarudi kwa kasi na kubeba vyote hivyo: potasiamu inaweza kuusimamisha moyo hapo hapo, na ile rangi inaziba figo kwa saa na siku zinazofuata. Baada ya tetemeko la Armenia la Desemba 7, 1988, mamia ya waliotolewa kifusini figo zao ziligoma, na mashine za kusafisha damu hazikutosha.

Kwa hiyo dripu itangulie, boriti ifuate. Tafuteni muuguzi au tabibu yeyote aliye jirani, hata mstaafu, amtafute mshipa kwenye mkono ulio huru. Dripu iwe ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9, lita moja kwa saa kwa mtu mzima, na kwa mtoto mililita 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa. Zikipita saa mbili kasi ipunguzwe nusu, na kuanzia hapo mtaalamu aamue kwa kuangalia mkojo. Dripu ya Ringer msitumie, ina potasiamu ndani. Kama hakuna wa kuweka dripu, mgonjwa ana fahamu, anameza vizuri na hana jeraha la tumbo, apewe maji anywe huku mnamtafuta mtu. Kama jengo liko karibu kuporomoka, mtoeni tu, hapo hakuna cha kusubiri. Kumfunga kamba ya kukaza juu ya paja siyo dawa ya tatizo hili. Hiyo ni kwa damu inayofoka na imekataa kusimama kwa kukandamizwa.

Akishatoka alazwe, asitembezwe, hata akisisitiza kwamba yuko salama. Aende hospitali kila aliyebanwa, hata asiye na maumivu. Mkojo wa rangi ya chai iliyokolea ni figo zinalia. Andika kwa kalamu ya wino mzito kwenye mkono wake: alibanwa saa ngapi, ametolewa saa ngapi, amepata lita ngapi. Daktari atakayempokea hana namna nyingine ya kujua. Majeraha yaliyojaa vumbi yaoshwe kwa maji mengi safi na yafunikwe, yasishonwe siku hiyo. Kidonda kichafu kikishonwa kinafungia usaha ndani. Chanjo ya pepopunda isisahaulike, kwa waokoaji pia.

Kuhusu waliofariki, nawaombeni sana msiwazike kwa pamoja eti kuogopa magonjwa. Waliokufa kwa majeraha hawaleti mlipuko wa magonjwa. Kipindupindu cha Haiti cha Oktoba 2010, miezi tisa baada ya tetemeko la Januari 12, kilitokana na kinyesi kilichoingia kwenye maji ya bonde la mto Artibonite. Hakikutokana na maiti. Kila mwili upewe namba yake isiyojirudia, upigwe picha ya uso, mwili mzima, nguo na alama, na namba ionekane kwenye picha. Kama lazima kuzika kwa muda, mwili mmoja mmoja kwa safu, kina cha mita moja na nusu, namba ibaki juu. Familia isiyojua ndugu yao kazikwa wapi inaumia miaka.

Kambini, ugomvi na maradhi huanzia kwenye maji na vyoo. Hesabu lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na usafi, na bomba moja lisihudumie zaidi ya watu 250. Maji yakiwa ya mashaka lakini meupe, weka matone mawili kwa lita ya dawa ya klorini ya kufulia, ile ya asilimia 5 hadi 9 isiyo na manukato, koroga, subiri dakika 30. Maji yenye tope chuja kwanza kwa kitambaa safi, kisha ongeza matone mara mbili. Vyoo mwanzoni kimoja kwa watu 50, kisha mharakishe kufikia kimoja kwa watu 20, angalau mita 30 kutoka kisimani au chanzo kingine cha maji. Kwa kila choo cha wanaume wekeni vitatu vya wanawake, vyenye komeo la ndani na taa. Choo kisicho na taa hakitumiki usiku, na wanawake wanaanza kujizuia kunywa maji. Hema zipeaneni nafasi, angalau mita mbili kati yake, kwa sababu moto wa jiko ukishika moja utaruka hadi nyingine. Jenereta na jiko la mkaa visiingizwe hemani kamwe. Gesi yake haina harufu na inaua watu wamelala.

Mtoto aliyepotezana na wazazi asipelekwe mbali "kwa usalama wake". Aandikishwe pale pale, jina, nguo, alikopatikana na nani kamleta, na akae karibu na hapo maana huko ndiko wazazi watakakoanza kutafuta. Watu wazima nao msiwalazimishe kusimulia. Kaa naye, mwulize anahitaji nini sasa hivi, msaidie kupata taarifa za jamaa zake. Anayetaka kuongea ataongea.

Sasa michango yako. Armenia mwaka 1988 zilipelekwa tani 5,000 za dawa na vifaa tiba. Watu 50 walitumia miezi sita kujua tu nini kimeletwa. Asilimia 8 zilikuwa zimekwisha muda zilipofika, asilimia 4 ziliharibiwa na baridi kali, na katika zilizobaki ni asilimia 30 tu zilizokuwa rahisi kutambulika. Nyingi ziliandikwa jina la biashara peke yake. Hao watu 50 wangeweza kuhudumia wagonjwa. Kwa hiyo dawa za majumbani, vidonge nusu paketi, msipeleke kabisa. Maziwa ya kopo ya watoto pia msigawe kiholela: mama anayenyonyesha akiyapokea anaacha ziwa, na kuyachanganya na maji machafu kunamletea mtoto kuhara. Nguo kuukuu huzaa milima barabarani inayozuia malori ya maji. Fedha ndizo bora, zinanunua kinachohitajika leo karibu na walipo, na zinawaamsha wafanyabiashara wa huko.

Vile ambavyo mmeshakusanya, chambueni huko huko mlipo. Boksi moja kitu kimoja: blanketi na blanketi, sabuni na sabuni, taulo za kike peke yake. Boksi lisizidi kilo 25, mtu mmoja aweze kulibeba. Andikeni pande mbili kilichomo, idadi na saizi, kwa lugha inayosomwa huko. Turubai za mita 4 kwa 6 zifungwe pamoja na kamba na misumari yake, maana turubai bila kamba hubaki stoo. Na kabla gari halijaondoka, mpigieni simu atakayepokea: ana ghala? Ana watu wa kushusha? Hivi vitu bado vinahitajika wiki hii? Akisema subirini, subirini.