Mwanangu, kuhusu lile jina la babu

Mwanangu,

Meseji yako niliisoma siku ile ile ulituma, nikaifunga, nikaenda kulisha mbuzi, nikarudi nikaisoma tena. Hiyo ni wiki tatu sasa na najua umekaa huko Nairobi ukifikiria mzee amenyamaza kwa sababu amekasirika. Sijakasirika. Nilikuwa natafuta majibu, maana wewe hukuuliza swali moja, uliuliza matatu kwa mstari mmoja: "Baba, nikibadilisha jina na jinsia kwa kitambulisho, jina la babu utalipeleka wapi, na huko nyumbani bado niko na kwetu?" Mtu anaandika hivyo saa sita usiku halafu anaweka simu chini analala, mimi ndio nabaki macho.

La mwisho ndio rahisi, wacha nianze nalo. Uko na kwenu. Ile sehemu ya shamba iko upande wa maembe ni yako kama nilivyosema Krismasi ile, na ami yako akikuambia ati ukiwa msichana hupati kitu mwambie asome sheria ya urithi ya Kenya, haiulizi mtoto ni wa kike ama wa kiume, inasema mtoto. Nimemwambia mimi mwenyewe. Hajapenda, lakini huyo ni yule yule hata bei ya mbolea hajapenda.

Sasa karatasi. Unajua nimekuwa mwalimu miaka 31, kumi na mbili nikiwa mwalimu mkuu, na kazi iliyonizeesha si kufundisha, ni kusajili majina ya watoto wa mtihani. Nimeona mtoto ameitwa Mutua kwa cheti cha kuzaliwa na Mutuah kwa cheti cha darasa la nane halafu akifika kutafuta kazi anazungushwa na afidaviti mpaka viatu vinaisha. Sasa kama herufi moja inasumbua hivyo, wewe unataka kubadilisha jina zima, kwa hivyo nikasema siwezi kumjibu mtoto na maneno ya mdomo. Nikapanda matatu nikaenda Machakos kwa wakili. Nikamwambia nauliza kwa niaba ya rafiki. Akanitazama juu ya miwani akasema, mzee, rafiki yako ana miaka mingapi? Nikasema 28. Hatukuzungumza tena juu ya rafiki.

Alinieleza hivi. Jina Kenya mtu mzima anabadilisha, hakuna mtu wa kukuuliza kwa nini. Unatengeneza hati kwa wakili, wenyewe wanaiita didi poli, unaisaini, na mtu mwingine anayekufahamu siku nyingi anaapa kwamba ni wewe, halafu inasajiliwa kwa ofisi ya nyaraka Nairobi, halafu inatangazwa kwa Gazeti Rasmi la Serikali, lile hutoka kila Ijumaa. Ukishapata hiyo ndio unaenda kwa watu wa kitambulisho, kisha pini ya KRA, benki, laini ya simu, pasipoti, zote zinafuata moja baada ya nyingine kama ng'ombe wakienda kunywa maji. Usianze na benki. Anza na hati.

Halafu akafungua gazeti moja akanionyesha tangazo la mtu, tu nione linavyoandikwa. Na hapo mwanangu nilishikwa. Kwa sababu maneno yake ni makali sana, yanasema fulani amelikana na kuliacha kabisa jina lake la kwanza, na amechukua jina hili kwa mambo yote, na anawaomba watu wote wakati wote wamwite kwa hilo jipya peke yake. Kulikana. Nilikaa kwa hiyo benchi nikaona jina la baba yangu likikanwa kwa gazeti la serikali na nikataka kutoka nje. Nakuambia ukweli kwa sababu uliniuliza ukweli.

Lakini nikakumbuka kitu. Babu yako unayemwona kwa picha sebuleni, enzi za ukoloni alikuwa anavaa kipande, kile kitambulisho cha wakati huo, kwa kikebe shingoni kama wanaume wote, na kwa hicho kipande mzungu alikuwa ameandika jina lake vibaya, ameandika Wambwa badala ya Wambua. Baba yangu alibeba Wambwa kwa shingo miaka yote hiyo na nyumbani hakuna hata siku moja mtu alimwita Wambwa. Alipopata kitambulisho cha uhuru akaenda kwa karani akamwambia andika vizuri. Kwa hivyo yeye mwenyewe alishawahi kusimama mbele ya meza ya karani akisema huyo mmeandika hapo si mimi. Sijui kama angekuelewa, sitamsemea, alikuwa mtu mgumu. Lakini hiyo meza alikuwa anaijua.

Sasa lile swali lako, jina nitalipeleka wapi. Umezaliwa Novemba 1997, ile mvua ya El Niño, barabara ya kwenda Wote imekatika, mama yako akajifungua hapa nyumbani mkunga akishikilia taa na maji yakiingia chini ya mlango. Wiki mbili baadaye nilitembea kwa matope mpaka kwa naibu wa chifu kuandikisha. Akauliza jina, nikasema Wambua, la baba yangu, na hata kama si la baba yangu ungeitwa hivyo tu kwa ile mvua. Akauliza jinsia, nikajibu, akaandika. Kwa hivyo lile neno unalotaka litoke lilitoka kwa mdomo wangu. Nilisema nilichoona.

Umesema unataka kuitwa Neema na Wambua utoe kabisa. Neema ni sawa, mama yako amesema ni jina la Biblia hana neno. Lakini wewe ni Mkamba hata kama umekaa Nairobi, unajua mvua ikikuta mtoto wa kiume anaitwa Wambua na ikikuta wa kike anaitwa Mumbua. Mvua ni hiyo moja. Nilikuwa nafikiria hiyo Neema Mumbua nikiwa kwa matatu narudi na nikajaribu kuisema kwa sauti ndogo mpaka mama mmoja aliyekaa kando akaniangalia. Silazimishi. Jina ni lako na hati ni yako, ukitaka kuitwa jina la maua ya Uholanzi mimi nitajifunza kulitamka. Ila uliuliza nitalipeleka wapi, na hapo ndipo nimeona linaweza kwenda.

Ile ya jinsia ndio ngumu na sitakudanganya. Wakili alisema waziwazi hakuna sheria ya bunge inayosema mtu kama wewe atabadilishiwa vipi neno la jinsia kwa kitambulisho ama cheti cha kuzaliwa. Jina lina njia, jinsia haina barabara, watu wanapita kwa mahakama mmoja mmoja. Nilimuuliza juu ya yule Audrey Mbugua, mwanamke kama wewe, kwa sababu sisi walimu hiyo kesi tuliijadili sana stafurumu, wengine kwa kejeli, na mimi nilicheka pia, nisamehe. Alifanya mtihani wa kidato cha nne 2001 akapata A-, jina la kiume, halafu baadaye cheti hakimsaidii kwa sababu mwenye cheti na anayekileta hawafanani. Baraza la mitihani likakataa kubadilisha. Akaenda mahakama kuu, na Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir akaamuru atolewe cheti kipya chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia kabisa. Jaji aliona kanuni za mtihani hazilazimishi jinsia iandikwe kwa cheti. Mimi nimegawa hivyo vyeti miaka na miaka na sikuwahi kujiuliza hilo neno linafanya nini pale, kwani hesabu alifanya na nini?

Na juzi tu, Agosti 2025, Jaji Nyakundi huko Eldoret aliamua kesi ya mwanamke kama wewe aliyekamatwa 2019 akiambiwa anajifanya mtu mwingine, akavuliwa na kupekuliwa. Mahakama ikasema alipwe shilingi milioni moja, na jaji akaiambia serikali itengeneze sheria ya kulinda watu wa aina yenu. Sheria yenyewe ni mambo ya bunge, na bunge letu unalijua. Nimekuambia hiyo ujue pia kwamba kuna siku utatembea na kitambulisho chenye jina la Neema na neno la kiume chini yake, na polisi wa barabarani atauliza. Weka nakala ya hati kwa mkoba kila wakati. Na weka namba ya huyu wakili.

Kitu kingine, na hapa naongea kama baba mkali. Kuna watu hapo mjini watakuambia lete elfu kadhaa tukutengenezee cheti kipya cha kuzaliwa kinachosema ulizaliwa msichana. Usiguse. Hiyo ni jela na hakuna jaji atakuonea huruma, na kila karatasi utajenga juu ya hiyo itaanguka siku hiyo inaanguka. Wengine watakuambia jiandikishe kama wale waliozaliwa na jinsia zote mbili kwa sababu hao serikali imeanza kuwatambua, hata sensa ya 2019 iliwahesabu, walikuwa 1,524. Hao wako na shida zao na mapambano yao, usiingie kwa foleni ya mwenzako.

Na ujue tangazo litakuwa na majina yote mawili, la zamani na jipya, pamoja, na halifutiki, mtu akikutafuta kwa intaneti anaweza kulipata. Wakili pia aliniuliza kitu cha ajabu, tangazo liandikwe la mwanamke ama la mwanamume, maana linaandikwa kwa Kiingereza na Kiingereza lazima kichague. Nikamwambia Kiswahili hatuna hiyo shida, yeye ni yeye. Akacheka akasema lakini mzee nyumbani unamwitaje? Hapo sikuwa na jibu kwa sababu miaka yote nimekuwa nikisema "kijana wetu". Jumapili jirani aliuliza habari zako nikafungua mdomo kusema kijana wetu, nikasimama, nikasema "mtoto wetu wa Nairobi hajambo". Nitafika. Lile tangazo linaomba watu wote wakati wote, na mimi ni mmoja wa hao watu wote, lakini niache nianze na baadhi ya wakati.

Ile siku uliniambia ulivyoitwa kwa jina zima hospitalini, ukasimama, watu kwa benchi wakacheka mpaka ukarudi nyumbani bila kuona daktari, mimi sikusema kitu kwa simu. Nilidhani nikinyamaza itapita. Sasa nimesikia ulikuwa na homa ya mapafu, dada yako ndiye ameniambia, na umekaa nayo wiki mbili kwa sababu ya jina nililokupa mimi.

Wakili amesema yule wa kuapa anaweza kuwa mtu yeyote anayekujua siku nyingi. Nimemwambia ni mimi. Nitakuja Alhamisi, nitashuka Machakos Country Bus, ile stendi ya hapo Nairobi, saa nne hivi, niko na cheti chako cha kuzaliwa na ile karatasi ya naibu wa chifu, imekula mchwa kidogo upande mmoja lakini jina linasomeka. Wewe njoo na kitambulisho na unipe jina kamili kabla ya Jumatano ili mtu wa wakili aandike, Mumbua ama lingine, niambie tu tahajia, usinifanyie ile ya Mutuah.

Mama yako anakutumia muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na anauliza kama unavaa sweta. Nimekutumia mia tano ya nauli, simu imeniambia pesa zimeenda kwa Wambua. Ukishabadilisha laini uniambie nikutumie shilingi kumi, nione itaniambia zimeenda kwa nani.

Baba