Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Unga Hushuka Bei Uchaguzi Unapokaribia?

SWALI: Kwako Mhariri, ninaendesha hoteli ndogo ya chakula mjini Kakamega, na unga wa sembe ndio unaonila fedha nyingi zaidi. Mwaka 2017 pakiti ya kilo mbili ilishushwa hadi shilingi 90 uchaguzi ulipokaribia, na mwaka 2022 ikashushwa tena hadi shilingi 100. Mara zote mbili nafuu hiyo ilikoma baada ya kura. Ikiwa serikali inaweza kutupunguzia bei, kwa nini isifanye hivyo kila mwaka?
Mama Hoteli, Kakamega

JIBU: Mama, tuanze kwa kuwatendea haki waliokuwa madarakani, kwa sababu shida yenyewe haikuwa ya kubuni. Ukame uliharibu mavuno kuelekea mwaka 2017, na mwaka 2022 ukame mwingine uliambatana na vita vya Ukraine vilivyopandisha bei ya nafaka na mbolea duniani. La kutiliwa shaka ni wakati uliochaguliwa. Ukame huo wa pili ulikuwa umeanza kuwaumiza wafugaji wa kaskazini tangu mwishoni mwa mwaka 2020, lakini unga wa shilingi 100 ulitangazwa Julai 2022, wiki tatu tu kabla ya kura ya tarehe 9 Agosti. (Mgombea aliyeungwa mkono na Uhuru Kenyatta, rais wa wakati huo, alishindwa hata hivyo, jambo linaloonyesha kwamba mpiga kura anaweza kula unga wa bei nafuu na bado akapiga kura apendavyo.)

Pili, bei yenyewe haikushuka, bali kuna mtu aliyelipa tofauti. Tangu soko la mahindi lilipoachiwa huru katika miaka ya 1990, serikali haipangi tena bei ya unga kama zamani, kwa hiyo ikitaka pakiti iuzwe rahisi hulazimika kuwafidia wenye viwanda vya kusaga. Mwaka 2017 iliruhusu mahindi yaingizwe nchini bila ushuru, yakiwemo ya kutoka Mexico, kisha viwanda vikauziwa gunia la kilo 90 kwa shilingi 2,300. Mwaka 2022 iliahidi kuvilipa viwanda pengo la bei. Fedha hizo ni za kodi, na mpango wa namna hii ukiendelea mwaka mzima lazima zikatwe kwingine au zikopwe, jambo ambalo mwanasiasa hupenda kumwachia atakayekuja baada yake.

Ruzuku ya aina hiyo pia haimchagui mhitaji. Anayenunua pakiti dukani mjini Nairobi akiwa na gari lake hupata nafuu ileile anayopata mjane, ilhali anayebeba mahindi yake katika debe kwenda kusagisha kijijini hapati chochote, kwa kuwa kilichopunguzwa bei ni pakiti ya kiwandani. Hata wanunuzi wa pakiti walikuta rafu tupu mwaka 2022, au wakawekewa kikomo cha pakiti chache kwa kila mteja, na nadhani mwenye hoteli kama wewe ndiye aliyeumizwa zaidi na kikomo hicho.

Kuna upande mwingine wa siasa hii ambao watu wa mjini huusahau. Mkulima wa Trans Nzoia au Uasin Gishu anataka gunia lipande bei, na mahindi ya nje yakiingia bila ushuru karibu na mavuno, yeye ndiye anayegharamia ugali wa mjini. Rais Ruto, ambaye nguvu yake kubwa ya kura iko huko, alipoapishwa Septemba 2022 alikataa kuendeleza ruzuku ya unga na badala yake akaiweka kwenye mbolea, akiuza mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 3,500. Kiuchumi hoja yake ilikuwa na mashiko, ingawa mwaka 2024 ilibainika kwamba baadhi ya mifuko waliyouziwa wakulima kupitia mpango huo haikufikia viwango. Ruzuku ya mkulima nayo ina wapiga kura wake na wafanyabiashara wake.

Lakini si kila ahadi ya uchaguzi huisha na uchaguzi. Elimu ya msingi bila malipo ilikuwa ahadi ya kampeni ya mwaka 2002, ikaanza Januari 2003 baada ya ushindi, na watoto zaidi ya milioni moja wa ziada wakajaa madarasani. Madarasa yalifurika na ubora ukayumba, lakini mpango ule uliingia katika bajeti ya kila mwaka na kila mzazi akaujua kuwa haki yake, hivi kwamba hakuna serikali iliyothubutu kuufuta tangu hapo. Unga wa shilingi 100 haukuwa na sheria wala fungu la kudumu nyuma yake, ingawa Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa.

SWALI: Je, mwananchi ana njia yoyote ya kugusa sera ya uchumi kabla ya miaka mitano kwisha?
Msomaji, Voi

JIBU: Anayo, ingawa wakati mwingine gharama yake ni kubwa mno. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipendekeza mkate utozwe kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Pendekezo hilo liliondolewa kabla ya kura ya Bunge, lakini maandamano yaliendelea kwa sababu ya kodi nyingine. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni na vijana kadhaa wakauawa kwa risasi, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Njia tulivu zaidi ni vikao vya kamati ya bajeti ya Bunge, ambayo Kifungu cha 221 cha Katiba kinailazimu kutafuta maoni ya wananchi. Makadirio ya matumizi hufikishwa Bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufikia mwisho wa Aprili, kwa hiyo anayetaka ruzuku fulani iwekwe katika bajeti apeleke maoni yake Mei, kabla wabunge hawajapitisha hesabu hizo.