Nilijiona Mtoto wa Pilipili, Birmingham Ikaninyoosha

Mimi nimekulia Tanga, na kwetu pilipili mbuzi haikosi mezani, kwa hiyo shemeji yangu anayeishi Birmingham aliponiambia kuna mgahawa wana shindano la phaal, ukimaliza bakuli ndani ya nusu saa hulipi na picha yako inabandikwa ukutani, nilicheka sana. Nikamwambia shem, hawa wazungu wanalia kwa pilipili manga, mimi nitalamba na bakuli. Akanijibu "haya shem, ila simu yangu ina chaji ya kukurekodi".

Phaal ni mchuzi uliozaliwa huko huko Uingereza kwenye migahawa ya Wabangladeshi, uko juu ya vindaloo, ule mchuzi mwingine mkali wa Kihindi, kwa ukali, India kwenyewe ukiuliza wengi watakushangaa. Wakaniletea karatasi nisaini kwamba nimejitakia mwenyewe. Ukiona chakula kina fomu ya kusaini, ndugu yangu, hapo ndo pa kuanza kujiuliza maswali, mimi nikasaini huku natabasamu.

Kijiko cha kwanza kitamu, nyanya, tangawizi, nikaona mbona kawaida. Cha pili kawaida. Cha tatu ndo kile cha kwanza kikafika. Yaani inachelewa, halafu inakuja na ndugu zake wote, masikio yakaziba, kwikwi ikaanza, jasho linatoka mpaka chini ya macho, nikafuta jicho kwa mkono ule ule niliomegea naan. Wee! Nikawa nalia jicho moja, shemeji anacheka mpaka simu inatikisika.

Kosa langu nimekuja kulielewa baadaye. Nyumbani pilipili mbuzi moja inaingia nzima kwenye sufuria la maharage la watu nane, na mama anakukemea usikoroge sana isije ikapasuka. Sisi tunakula harufu yake. Kule walikuwa wamezisaga nyingi ndo zikawa mchuzi wenyewe. Kujua pilipili na kushindana na pilipili ni vitu viwili tofauti kabisa, na kadiri unavyojiamini ndo unavyokula haraka, na ukila haraka unakuwa umeshameza vijiko vitano kabla cha kwanza hakijakwambia kitu.

Nikagida maji glasi mbili. Usifanye hivyo. Kapsaisini, yaani ile kitu inayowasha, haiyeyuki kwenye maji, unaitembeza tu mdomo mzima. Maziwa au mtindi ndo inasaidia, protini ya maziwa inaibeba, agiza glasi iwe mezani KABLA hujaanza, maana ukishawaka hata kumwita mhudumu huwezi. Na kumbe haikuunguzi kweli, inashika tu vile vipokezi vya joto mwilini na ubongo unaamini umemeza makaa, David Julius, mwanasayansi aliyegundua kipokezi chenyewe, alipata tuzo ya Nobel 2021 pamoja na mwenzake Ardem Patapoutian, siku ile mimi ningemwongezea na kombe la dunia.

Niliacha kijiko cha saba, na kuacha sijutii hata kidogo. Kuna jamaa Marekani alikula pilipili moja ya Carolina Reaper, aina kali kupindukia, kwenye shindano akapigwa na maumivu ya kichwa ya ghafla, hospitali wakakuta mishipa ya ubongo imebana, alipona lakini kisa chake kiko kwenye jarida la madaktari la 2018. Kwa hiyo kama una vidonda vya tumbo, presha au pumu, wewe kuwa mshika simu tu. Na usiende na njaa ili "upate nafasi", mimi nilishinda bila kula tangu asubuhi, tumbo likaanza kukata kabla hata hatujafika nyumbani. Kula wali au mkate kwanza.

Halafu angalia ratiba yako. Mimi kesho yake saa moja asubuhi nilikuwa na basi la London, karibu masaa matatu barabarani, choo kimoja, abiria wamejaa. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Mchuzi uliobaki shemeji aliufungasha. Akaula siku tatu, kijiko kimoja kwenye sahani nzima ya wali mweupe, ananitumia picha, eti shem huu mchuzi ni mtamu balaa, ulikuwa unauonea tu.